Upepo Uliopimwa kama Mvua

Kakamega ni mji wa mvua. Mvua hapa ina heshima zake: watu huingoja, huilaumu, hupanga harusi huku wakiiogopa, nayo huja alasiri bila kubisha hodi. Upepo ni mtoto wa kambo. Hata katika kile kituo kidogo cha hali ya hewa, ambako upepo ulikuwa na mshale wake juu ya mlingoti na vikombe vyake vya kupimia kasi, vipimo vyake viliandikwa kila saa kwa sababu tu sheria ilisema viandikwe. Hakuna mtu aliyewahi kuja kuviulizia.

Mpaka mwaka wa tisini na tano, walipokuja watu wa kiwanda cha ngozi.

Kiwanda cha ngozi hunuka, na hilo halina mjadala. Ngozi mbichi, chokaa na dawa za kulainishia zikikutana, harufu yake humtoa mtu machozi, na mwenye kifua kibovu humkaba kabisa. Chama cha wafugaji kilikuwa kimepata viwanja viwili, kichague kimoja. Kimoja kilikuwa kaskazini mwa mji, juu kidogo ya mtaa wa Amalemba. Cha pili kilikuwa kusini, kando ya barabara ya kwenda Malinya. Mwenyekiti wa kamati, mzee mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliyeitwa Lazarus, alimwambia mkuu wa kituo, "Tuambie tu upepo unatokanga wapi. Sisi tutajenga pale ambapo utapeleka harufu mbali na watu wengi."

Mkuu wa kituo, Bwana Masinde, akamwita Kageha.

Kageha ndiye pekee pale kituoni aliyesomea kompyuta, kozi ya miezi sita kule Nairobi, na kwa sababu hiyo kila kitu chenye waya kilikuwa mzigo wake: redio ya ofisi, birika la chai, hata pasi ya mke wa mkuu. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja tu. Ilifunikwa kwa kitambaa cha kufumwa kama kochi la wageni, na stima ilipopotea, jambo ambalo halikuwa la ajabu, kila ulichokuwa hujakihifadhi kilipotea nayo.

"Wanataka waridi la upepo," Masinde alimwambia. "Unalijua?"

Alilijua. Ni mchoro wa duara wenye petali kila upande wa dira. Petali huelekea kule upepo unakotoka. Ikiwa ndefu, basi upepo hutoka huko mara nyingi, na ikinenepa, upepo wa huko una kasi. Mtu yeyote akiutazama anajua mara moja upepo wa mahali hapo una tabia gani.

"Basi tumia ile programu yangu ya mvua. Badilisha majina tu."

"Mzee, mvua na upepo..."

"Kageha. Hiyo programu imefanya kazi miaka mitatu, haijawahi kukohoa. Badilisha majina."

Angekataa pale pale, mambo yangekuwa mengine. Lakini Masinde alikuwa ameiandika ile programu kwa mikono yake mwenyewe, akiwa mtu mzima aliyejifunza kompyuta uzeeni, na aliipenda kama kitinda mimba. Kageha akabadilisha majina. Palipoandikwa MVUA akaandika UPEPO. Programu ilichukua vipimo vya siku nzima, ikavijumlisha, ikavigawanya, ikatoa namba moja kwa kila siku; kisha ikahesabu ni siku ngapi zilizoangukia kila upande. Ndivyo mvua inavyofanyiwa hesabu, na Kakamega kila kitu hufanyiwa hesabu kama mvua.

Hata hivyo kazi ilimtoa jasho. Stima ilipotea, ikarudi, ikapotea tena. Disketi moja ilikataa kusomeka mpaka akaipuliza kama uji wa moto. Ochieng, mpimaji mwenzake, alikuwa akipita nyuma yake na kikombe cha chai akisema, "Sister, hii mashine inakunyonya damu," naye akawa anatamani kumwagia chai hiyo. Mwishowe printa ikaanza kukereza, karatasi ikatoka polepole, na juu yake kulikuwa na waridi. Petali ya kusini ilikuwa ndefu kama ulimi wa ng'ombe. Nyingine zote zilikuwa vijiti.

"Kusini!" Masinde alisema akikunja ile karatasi. "Basi wajenge kaskazini. Harufu itapaa huko huko na kuishia msituni."

"Mzee, ningeikagua kwanza."

"Utakagua nini? Mashine haidanganyi." Jioni hiyo hiyo karatasi ikawa mikononi mwa Lazarus.

Kageha, kusema kweli, alifurahi. Mama yake, Zilpah, aliishi Malinya, shamba lake likipakana na kile kiwanja cha kusini, kwa upande wake wa kusini. Mama huyu alikuwa na pumu. Moshi wa kuni tu ulimfanya ashike ukuta. Kama kiwanda kingejengwa pale, na upepo ungekuwa ukitoka kaskazini, harufu yote ingemwagika mlangoni pake. Sasa mashine ilikuwa imesema kusini, na mama alikuwa salama.

Jumapili alienda nyumbani, akakuta wanawake wa jirani wamejaa jikoni, ingokho, kuku wa wageni, imechinjwa na obusuma, ugali wa kwao, unapakuliwa. Alidhani kuna mgeni. Mgeni alikuwa yeye.

"Umetuokoa, mwanangu," mama alimwambia, akimshika mikono yote miwili. "Wangetuletea kile kitu hapa, mimi ningekuwa nimekufa kabla ya mwaka kuisha."

"Mimi sikufanya chochote, Mama. Ni upepo."

Wanawake wakacheka, wakakonyezana. Mmoja akamsukumia firigisi, kipande cha heshima. "Upepo, ndiyo! Upepo una msichana wake kwa ofisi. Kula, Kageha. Hata sisi tungefanya vile."

Alijaribu kuwaeleza petali ni nini, na wastani ni nini. Wakatikisa vichwa kwa adabu kama watu wanaomsikiliza mlevi. Walimshukuru kwa wizi ambao hakuwa ameufanya, na kadiri alivyokana ndivyo walivyomwona mjanja. Alirudi mjini amekasirika, hajui amkasirikie nani.

Kesho yake asubuhi alifungua mlango wa chumba chake cha kupanga pale Amalemba, na harufu ya mkate ikamjaa puani. Kila asubuhi ilimjaa puani. Juu ya mtaa, upande wa kaskazini, kulikuwa na bekari, na harufu ya mikate yake ndiyo iliyokuwa saa ya mtaa mzima. Kageha alikuwa ameshafunga kufuli aliposimama ghafla.

Kama upepo hutoka kusini, mkate wa kaskazini unamnukiaje?

Alifika kituoni bila kumsalimia mtu. Akafungua vipimo vya siku moja tu, siku yoyote, na kuviangalia kimoja kimoja. Kwenye dira kaskazini ni sifuri, na ukizunguka duara lote unarudi kaskazini tena, mia tatu sitini. Saa moja upepo ulikuwa umetoka digrii mia tatu hamsini: kaskazini, kushoto kidogo. Saa iliyofuata ulikuwa umetoka digrii kumi: kaskazini, kulia kidogo. Akajumlisha kama programu ilivyojumlisha. Mia tatu sitini. Akagawanya kwa mbili. Mia moja themanini.

Kusini. Pepo mbili za kaskazini, ukizichanganya kama mvua, zilikuwa zinazaa upepo wa kusini.

"Shenzi!" alisema kwa sauti. Ochieng akainua kichwa.

"Nani, mimi?"

"Si wewe. Mimi."

Kila siku upepo ulipoyumba huku na huku kandokando ya kaskazini, ile programu iliuchukua na kuutupa upande wa pili wa dunia. Ule ulimi wa ng'ombe haukuwa upepo. Ulikuwa ujinga, umejumlishwa na kugawanywa.

Siku mbili zilizofuata Kageha hakuwa mtu wa kukaa naye. Kwanza alijaribu kurekebisha wastani: kila upepo auvunje vipande viwili, kiasi chake cha kaskazini na kiasi chake cha mashariki, ajumlishe vipande, kisha aurudishe kuwa upande mmoja. Waridi likatoka kama buibui aliyekanyagwa. Akapekua, akapekua, mpaka akakumbuka kwamba kompyuta haipimi pembe kwa digrii kama watu. Ina kipimo chake, na lazima uibadilishie kwanza. Akaibadilishia. Stima ikapotea. Alikaa mbele ya skrini nyeusi, mikono kichwani, akaapa kwamba angerudi kulima. Stima iliporudi akaanza upya, na safari hii ikamjia kwamba alikuwa anajitesa bure. Waridi halihitaji wastani hata kidogo! Linahitaji kuhesabu tu: chukua kila kipimo cha kila saa, kiweke kwenye petali yake, kasi yake kando yake, uende kwa kinachofuata. Mtoto wa darasa la nne angeliona hilo. Yeye alikuwa amelikosa kwa kuwa alianza na mvua ya mtu mwingine.

Akaandika upya programu yote. Waridi likatoka, na petali ya kaskazini ikafika ukingoni mwa karatasi.

Hapo ndipo alipomkumbuka mama yake. Mpaka dakika ile alikuwa akipigana na kosa kama mtu anayewinda panya, hawazi chochote zaidi ya panya. Sasa alimwona panya alikuwa amekalia nini. Upepo ukitoka kaskazini, kiwanda hakiwezi kujengwa juu ya Amalemba. Harufu ingeshukia nyumba mia kadhaa na shule ya msingi. Kingejengwa kusini. Na kusini mwa kusini kulikuwa na boma chache, na moja ya hizo ilikuwa ya Zilpah.

Akatafuta kosa lingine. Alilitafuta kwa hamu, na kosa halikosekani ukilitaka. Akamgeukia Ochieng. "Upepo ukiwa hakuna kabisa, huwa unaandika nini kwa upande?"

"Sifuri. Tunaandikanga sifuri, sifuri. Hakuna upande, hakuna kasi."

Sifuri! Saa zote zilizotulia zilikuwa zimeingia kwenye petali ya kaskazini, maana kaskazini nayo ni sifuri. Na Kakamega asubuhi ngapi majani hayatikisiki? Huenda ile petali yote ilikuwa utulivu mtupu. Akaongeza mstari mmoja: kasi ikiwa sifuri, kipimo kisiende kwenye petali, kiende kwenye kiduara cha katikati. Akabonyeza, akakaa, akafumba macho. Alijikuta anamwomba Mungu juu ya takwimu, jambo ambalo kozi ya Nairobi haikuwa imemfundisha.

Printa ikakereza. Petali ya kaskazini ilikuwa imepungua, ndiyo, karibu theluthi. Bado ilikuwa ndefu kuliko zote. Kusini hakukuwa na chochote cha kusimulia.

Akaikunja karatasi akaenda kwa mkuu.

Masinde aliitazama muda mrefu. Alikuwa mwerevu, haya tumpe. Alielewa kabla Kageha hajamaliza. Ndiyo maana alikasirika.

"Unasema programu yangu ina makosa."

"Kwa mvua iko sawa, Mzee. Mvua haina kona. Ukiijumlisha haizunguki ikarudi nyuma. Upepo unazunguka."

"Kamati inatia sahihi Alhamisi. Nimeshawapa karatasi, ina mhuri wa kituo." Akashusha sauti. "Mama yako si anakaa kule chini ya barabara?"

"Ndiyo."

"Na kifua chake?"

"Ni kibaya."

"Sasa Kageha, mtu anajipalia makaa hivi kwa ajili ya nini? Hakuna anayejua. Mimi nimenyamaza, wewe nyamaza, mashine itanyamaza. Mama yako atavuta hewa yake. Kwani wewe ni nani, upepo umekutuma?"

Kageha alijua tu kwamba watoto wa Amalemba alikuwa akipishana nao kila asubuhi wakienda shule, na kwamba alikuwa ameliona kosa kwa macho yake, na kosa ukishaliona halikubali tena kufichwa. Alimchukia Masinde kwa kusema yale ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyawaza njia nzima ya kutoka kwenye kompyuta mpaka mlango ule.

Alhamisi aliingia kwenye kikao bila kualikwa. Masinde alikuwa amekaa pembeni, anatazama viatu vyake. Kageha akaweka waridi jipya mezani, akaeleza. Akaeleza tena. Alitumia viti, alitumia chupa za soda.

"Angalieni. Mtu mmoja amesimama kushoto kwa mlango, mwingine kulia kwa mlango. Ukitaka kujua wako wapi, utasema wako kwenye ukuta wa nyuma?"

"Wako mlangoni," mzee mmoja alikiri.

"Basi mashine ilisema wako kwenye ukuta wa nyuma."

Lazarus alimwangalia kwa jicho moja. "Ile mashine ya kwanza ilikuwa yenu?"

"Yetu."

"Na hii ya pili?"

"Ni ile ile."

"Na wewe msichana, hapa mjini unakaanga wapi?"

"Amalemba."

"Aaaa!" Kikao kizima kilivuma. Mtu akapiga meza. "Kumbe! Pua yake ndiyo imepiga hesabu!" Mwingine akauliza wapangaji wa Amalemba wamemchangia soda ngapi. Kageha alisimama katikati ya kicheko, masikio yanawaka. Malinya walikuwa wamemshukuru kwa kudanganya, na hapa wanamcheka kwa kudanganya, na kati ya hizo mbili alikuwa hajadanganya hata mara moja.

"Mama yangu anakaa Malinya!" alipiga kelele. "Anapakana na kiwanja chenu! Ana pumu! Mkijenga kusini mtamjengea yeye mlangoni!"

Kicheko kikakatika. Lazarus akatoa miwani.

"Wewe ni wa kwa Zilpah?"

"Ndiyo."

Mzee akaitazama ile karatasi kana kwamba imeletwa sasa hivi. Akatazamana na wenzake. Hakuna aliyeuliza tena kuhusu digrii wala wastani. "Basi ni kweli," Lazarus alisema polepole. "Hakuna mtu atasema uongo wa namna hii." Akavuta fomu, akafuta neno kaskazini, akaandika kusini, na kalamu ikazunguka meza.

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Siku zote zile za kupigana na stima na pembe na sifuri, hesabu safi kama maji ya kisima, hazikumgeuza mtu hata mmoja. Alikuwa amelazimika kumtoa mama yake na kumweka mezani kama shahidi, na shahidi akaaminiwa, na hukumu ikamwangukia shahidi. Alitoka bila kuaga. Nje upepo ulikuwa unavuma kidogo. Hakutaka kujua unatoka wapi.

Habari zilimtangulia Malinya. Jumamosi, njiani, wale wanawake wa firigisi walikuwa shambani. Waliinama wakapalilia mahali palipokwisha kupaliliwa. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda nje, anapukuchua mahindi. Hakunyanyuka.

"Mama, mulembe."

"Mulembe." Akaendelea kupukuchua. Punje zilianguka kwenye ungo moja moja. "Wanasema ulisimama kwa mkutano ukataja jina langu."

"Nilitaja."

"Ulipoona hicho kitu kwa mashine, ulikuwa na nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Hakuna mtu alikuwa anakuona."

"Hakuna."

Kifua cha mama kilikuwa kinapiga ile filimbi yake ndogo, ambayo Kageha aliisikia tangu utotoni, na sasa hakuweza kusikia kingine. Alitaka mama yake amfokee. Alitaka hata ampige na gunzi. Alianza kueleza: nyumba mia kadhaa, shule, watoto...

"Usinielezee watoto," Zilpah alisema. "Mimi nilizaa." Akasukuma ungo kando na kusimama, mkono mmoja ukutani. "Niambie tu. Huo upepo utakuwa unatokea upande gani?"

Kageha akainua mkono akaonyesha. Mkono wake ulikuwa unaelekea kiwanjani, na uliokitazama kiwanja ulikuwa ukuta wa chumba cha kulala, wenye dirisha dogo la mbao lililoachwa wazi ili mgonjwa apate hewa usiku.

Mama akalitazama dirisha. Akaingia jikoni, akatoka na jembe na ndoo, akaviweka miguuni pa binti yake.

"Udongo uko nyuma ya choo. Changanya na majani usipasuke." Akasita, akivuta pumzi. "Uzibe wewe."

Kageha akavua viatu vya ofisi. Akachota maji, akakanyaga udongo mpaka ukawa mlaini, akaubeba kwa mikono mpaka dirishani. Mama alikuwa ameingia ndani na kukaa kitandani, na kila tope lilipopachikwa chumba kilizidi kuwa giza, mpaka Kageha akawa hamwoni tena, anasikia kifua chake tu.

"Hapo juu umeacha tundu," mama alisema kutoka ndani. "Ziba vizuri."